Inchi 65 au 50, na ukuta wenyewe nyuma yake kuna bafu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala, nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Kikoba chetu kimevunjwa, nataka kununua TV flati ya sebuleni. Mimi nataka inchi 65, mume wangu anasema 50 inatosha. Kutoka ukutani mpaka kwenye kochi ni mita 2 na nusu. Ukuta ninaotaka kuifunga nyuma yake ni bafu, ule wa upande wa pili ni wa chumbani. Nyumba ni ya kupanga. Nina watoto wa kiume wawili, mmoja miaka 3 mwingine 6, mpira ndani ya nyumba kila siku, kwaiyo nimeambiwa nichukue dabo glasi. Kuna fundi hapa mtaani kasema ananifungia kwa elfu 15 kila kitu chake, anaiweka juu usawa wa mlango watoto wasifikie. Nichukue ipi na nifungeje?"

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kikoba. Nimefurahi umeuliza kabla ya kununua, maana wengi wananitafuta TV ikiwa ishafika, imelala kitandani kwenye boksi lake, ndio wanaanza kuangalia ukuta. Anza na ukuta alafu kochi, dukani unaenda mwisho kabisa.

Kwanza huo ukuta wa bafu uache. Nenda upande wa sebuleni upapase kwa kiganja kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, ukikuta rangi imevimba, plasta inatoa unga mweupe kama chumvi au pana ubaridi tofauti na kuta zingine, ujue maji ya kuogea yanapenya. Plasta ya hivyo haishiki kitu. Hata kama mkavu, kuna bomba la shawa na la koki ndani yake na aliyejenga hajakuachia ramani, mimi nishawahi kutoboa bomba la mteja saa tatu usiku, mita ya maji iko kwa jirani amelala na funguo, acha tu. Alafu mvuke na unyevu sio rafiki wa vitu vya umeme, ile bodi ya ndani inaanza kuota kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa taratibu na wewe hujui mpaka siku inagoma kuwaka.

Kwaiyo geuza sebule. Kochi lirudi upande wa bafu, TV iende ukuta wa chumbani, umbali unabaki ule ule mita 2 na nusu. Angalia tu dirisha lisije likawa linatazamana na kioo, dirisha la ubavuni sawa, la mbele yake mchana utaangalia sura yako mwenyewe.

Sasa ukubwa. Inchi za TV zinapimwa kwa mshazari, kona ya chini kushoto mpaka kona ya juu kulia, kwaiyo 65 sio upana wake. Upana wa 50 ni kama sentimita 111, 55 ni 122, 65 ni 144 na urefu wake kwenda juu 81. Chukua futi ya fundi cherehani na maboksi yaliyokatwa, bandika ukutani hizo saizi tatu kwa selotepu, kaa kwenye kochi jioni nzima uzizoee. Mnaweza kumaliza ubishi wenu hapo hapo bila hata kuja kwangu.

Hesabu ninayotumia mimi ni hii, chukua mshazari kwa sentimita (inchi moja ni 2.54) zidisha mara moja na nusu, hapo ndio karibu kabisa unapoweza kukaa kama TV ni 4K (kioo chenye nukta nyingi, mara nne ya Full HD) na unachoangalia nacho ni 4K. Ya 65 mshazari wake ni 165, mara moja na nusu inakuja kama mita 2.5. Kumbe hesabu inakukubalia wewe! Lakini ngoja kwanza usimcheke shemeji. Unaangalia nini? Kama ni mtu wa YouTube na Netflix na intaneti yako haikwami sawa, ila kama ni king'amuzi, tamthilia na ligi, chaneli nyingi zinakuja na picha ya kawaida au HD, sio 4K, na picha ndogo ukiitandaza kwenye kioo cha 65 ukakaa karibu unaona nyuso kama zimepakwa mafuta, mpira wa miguu ukipigwa mbali unakuwa na mkia. Wateja wangu wengi wakisema "TV hii mbovu" nikienda nakuta TV nzima, tatizo ni kioo kikubwa na chaneli ndogo. Kwa mita 2 na nusu na matumizi ya king'amuzi kwa sehemu kubwa mimi naweka 55, na hela inayobaki utaniona chini naipeleka wapi. Ya 50 sio mbaya, shemeji hajakosea, ila ndani ya miezi miwili mtaizoea na mtaiona ndogo.

Ukifika dukani usiangalie stika. Boksi likiandikwa "4K sapoti" mara nyingi maana yake inapokea video ya 4K tu, kioo chenyewe ni Full HD. Unachotaka usome ni namba 3840 x 2160, hiyo ndio 4K ya kweli. Na zile ndogo za inchi 32 zinazoitwa HD nyingi kioo chake ni 1366 x 768, kwa chumbani haina shida ila usilipe bei ya Full HD. Haya maneno LED na QLED yasikuchanganye, zote ni kioo kile kile cha LCD chenye taa za nyuma, QLED imeongezewa tabaka la kukoleza rangi. OLED ndio kitu kingine kabisa, kila nukta inajiwakia yenyewe, nyeusi yake ni nyeusi kweli, ila bei yake waachie wenye nazo, na ile nembo ya chaneli inayokaa kona moja masaa sita kila siku inaweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye kioo.

Kuhusu smati, uliza inatumia mfumo gani. Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung, VIDAA ya Hisense, hizo zote zinajulikana na programu zake zinafunguka. Zile za bei chee zimewekwa Android ya kawaida ambayo haijaidhinishwa, ina RAM giga moja, Netflix inagoma au inakuja picha mbovu, baada ya mwaka YouTube nayo inaanza kugoma kusasishwa. Sisemi usinunue, nasema usiilipie kama smati, ihesabu ni TV ya kawaida na siku moja utaichomekea kiboksi pembeni. Kama unafikiria used ya Ulaya au Dubai umeme hauna shida, ila ya Marekani angalia nyuma imeandikwa 100-240V au 120V tu, ikiwa 120V peke yake ukichomeka kwetu kwenye 230 unanunua moshi. Na hata ikiwaka kipokezi chake cha antena ni cha mfumo wa kwao, hakishiki DVB-T2, mfumo wa dijitali tunaotumia huku tangu analojia ilipozimwa, kwaiyo bila king'amuzi huambulii chaneli.

Dabo glasi sasa, maana najua ndio inakuumiza kichwa. Ni TV ya kawaida iliyobandikwa kioo kingine kigumu kwa mbele. Inasaidia kweli, rimoti ikirushwa au mpira mwepesi kioo cha ndani kinapona, kwa mtoto wa miaka 3 mimi siikatazi. Lakini ujue unachopokea: inakuwa nzito, inang'aa mchana kama kioo cha kabati, na nyingi zinatoka kwa majina ambayo kesho kutwa vipuri vyake huvipati. Ukiweza kupata TV ya jina lenye wakala hapa mjini, ukaifunga vizuri na mpira ukahamia nje, ni bora kuliko dabo glasi isiyo na fundi. Ukishindwa kuhamisha mpira basi chukua dabo glasi, mi sikai na wanao 😀

Kabla hujalipa iwashwe mbele yako. Waambie waweke rangi tupu, nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi, kila moja dakika moja, wenyewe wanazo kwenye flashi au zipo YouTube. Kwenye nyeupe unatafuta nukta nyeusi na mabaka ya kivuli, kwenye nyeusi unatafuta nukta inayowaka na pembe zinazovuja mwanga. Jaribu kila tundu la HDMI, lile la waya wa king'amuzi. Dai risiti ya EFD na ugaranti ulioandikwa namba ya TV yako sio karatasi tupu. Kubeba, TV inasafiri ikiwa imesimama, usiilaze, na bodaboda hapana hata kama ni karibu, chukua bajaji au kirikuu mtu akae anaishikilia. Boksi na sponji zake za ndani usitupe mpaka ugaranti uishe, mpangaji wewe utahama.

Twende kwenye kufunga, na hapa ndio nina maneno mengi maana hapa ndio nimeungua.

Nyuma ya TV kuna matundu manne, umbali kati yao unaitwa VESA, kwa hizi saizi unakuta 200 x 200 au 400 x 300 milimita au zinazokaribiana na hapo. Braketi lazima ikubali huo umbali na ibebe uzito, inchi 55 nyingi zina kilo 13 mpaka 18, dabo glasi inazidi, wewe nunua inayoandikwa kilo 40 na kuendelea ulale usingizi. Bolti zinakuwa M6 au M8 (unene wa milimita 6 au 8) na urefu wake ndio mtego wenyewe. Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi nilimfungia mzee mmoja TV mpya, bolti zilizokuja na braketi zilikuwa ndefu, nikaona inazunguka ngumu nikajua ni mpya tu haijalegea nikaongeza nguvu na spana, ikalia "tik", kasauti kadogo tu. Tulipowasha kukawa na ua jeusi katikati ya kioo kama wino umemwagika. Niliilipa kwa miezi mitano. Tangu siku hiyo naingiza bolti kwa vidole kwanza, ikigota natia alama, natoa, napima, kama ndefu naongeza washa au kile kibomba cha plastiki kinachokuja kwenye mfuko wa braketi ambacho watu wanatupa wakidhani ni takataka. TV nyingine tundu lake limezama ndani kwaiyo bila hicho kibomba braketi inaminya mgongo wa plastiki mpaka unapasuka.

Aina ya braketi, ile bapa inayoganda ukutani ni imara na rahisi ila kuchomeka waya nyuma ni mateso. Ya mkono inayovutwa mbele na kuzungushwa ni nzuri kwa kona lakini TV ikivutwa nje nguvu yote inakuja kung'oa bolti za juu, na watoto wako wataibembea, kwaiyo hapana. Wewe chukua ya kuinamisha, inabaki karibu na ukuta na unaweza kuiinamisha kidogo chini.

Maana hiyo habari ya usawa wa mlango sikubaliani nayo. Mlango ni kama mita 2.1, TV ya 55 ikipangwa juu usawa huo katikati yake inakuwa sentimita 175 na macho yako ukikaa yako 105 hivi, yani unaangalia juu kama uko kinyozi unanyolewa ndevu, dakika 90 za mpira unaamka na shingo. Na vioo vingi rangi inapauka ukivitazama kutokea chini. Bila watoto katikati ya TV ningeweka 110. Kwa hao wako wawili weka katikati 125, ukingo wa chini unakuja 91 hivi, hapo hata wa miaka 3 anaufikia kwa mikono kwaiyo mkataze kuuning'inia, alafu inamisha kidogo kuelekea kochini. Chini yake usiweke meza wala sabufa wanayoweza kupandia, sabufa iende pembeni.

Na nikuambie kitu, wasiwasi wangu mkubwa kwa mtoto wa miaka 3 sio kioo kupasuka, ni TV iliyosimama mezani kwa vile vimiguu viwili, akivuta kitambaa au akipanda droo inamwangukia. Kwaiyo kama mwenye nyumba atakataa kutoboa, usiiache mezani hivi hivi, ifunge kamba au mkanda kutoka kwenye yale matundu ya nyuma mpaka kwenye kitu kisichohama. Muombe ruhusa kwa mdomo na kwa meseji, ibaki kwenye simu, mwambie ukihama utaziba kwa wolputi na rangi, wengi wanakubali, ni matundu manne tu.

Kutoboa kwenyewe. Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi ukifuata mstari wake ulionyooka, mabomba ya waya yanapita humo humo. Weka alama tundu la kwanza, toboa, funga braketi na skrubu moja, hapo ndio weka pimamaji na uweke alama tatu zilizobaki, usipime yote kwa macho alafu ukatoboa manne kwa mpigo. Anza drili bila hama (ile ya kugonga huku inazunguka) mpaka biti ishike, alafu washa hama. Angalia unga unaotoka: mwanzoni ni plasta, sentimita moja na nusu hadi mbili, haina kazi yoyote ya kubeba, lazima uingie ndani ya tofali sentimita 5 au zaidi. TV nyingi ninazoitwa kuokota zimeanguka kwa sababu hii hii, roplagi (kile kiplastiki cha tunduni kinachobana skrubu) fupi imekaa kwenye plasta tu, wiki ya kwanza inashika vizuri kabisa, mtu anampongeza fundi.

Tofali zetu za mtaani unazijua, nyingine mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali za kujengea ukoo mzima. Ukitoboa unga ukamwagika laini kama sembe na biti inazama bila kubishana ujue hilo tofali halibani, roplagi itazunguka na skrubu. Usipigilie njiti za kiberiti humo, nimeziona nyingi sana. Tafuta ubao mzuri wa inchi moja au marine bodi, ufunge ukutani kwa skrubu ndefu nane zilizotawanyika, ziingie tofali zaidi ya moja, alafu braketi inafungwa kwenye ubao, upake rangi ya ukuta hakuna atakayejua. Mbinu hii nimeitumia mpaka Zanzibar Mji Mkongwe kwenye zile kuta nene za mawe na chokaa, kule ukitoboa unakutana na jiwe ukisogea sentimita mbili unakutana na udongo wa chokaa unaotiririka, ubao ndio uliniokoa. Toa vumbi ndani ya tundu kwa pampu ya baiskeli, tundu lenye vumbi roplagi haishiki. Ukimaliza kabla ya TV ishike braketi kwa mikono miwili uivute kwa uzito wako, ikilia au ikicheza hata kidogo toa uanze upya. Kupandisha TV ni watu wawili, mmoja asiwe yule wa miaka 6.

Ile hela iliyobaki kwenye 65 sasa. Nunua TV guard nzuri, inakata umeme ukipanda au kushuka sana na ukirudi inasubiri kidogo kwanza utulie, maana kinachoua TV zetu mara nyingi sio kukatika, ni ule mshindo wa kurudi. Ila TV guard hailindi dishi. Radi masika ikipiga karibu inashuka na waya wa dishi, inaingia king'amuzi, inapita HDMI mpaka kwenye bodi ya TV, nimebadilisha bodi nyingi ambazo tundu moja la HDMI tu ndio limekufa. Kukiwa na ngurumo chomoa plagi na waya wa dishi vyote viwili. Na usichomeke HDMI vitu vikiwa vinawaka.

Umeme usikutishe, 55 ya LED inakula kama wati 100, masaa 5 kwa siku ni nusu uniti, mwezi uniti 15. Kama mko kwenye ile tarifu ya chini ya TANESCO, isiyotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, ndio muipigie hesabu vizuri na friji.

Siku ya kwanza nenda setingi za picha, toa "dainamiki" au "vividi" ya dukani weka standadi, alafu bakilaiti (mwanga wa taa za nyuma ya kioo) ishushe ifike kama 60 au 50 usiku. Ikikaa 100 muda wote zile taa za nyuma zinaungua mapema, hasa hizi TV za bei nafuu. Na ikitokea siku sauti inasikika kioo cheusi usikimbilie kuitupa, mulika tochi ya simu kwa karibu, ukiona picha kwa mbali ni taa tu zimekufa, zinabadilishwa na TV inarudi. Ila kioo kikipasuka hapo hamna biashara, kioo kipya bei yake inakaribia TV nzima. Kufuta ni kitambaa laini kikavu, doa gumu kiwe na unyevu kidogo wa maji, spiriti na dawa za vioo hapana.

Huyo fundi wa elfu 15 simjui na simsemi vibaya, bei sio kipimo. Muulize tu akuonyeshe kabla hajaanza: roplagi zake zina urefu gani, pimamaji iko wapi, na bolti za nyuma ya TV atazipimaje zisigonge kioo. Akikujibu vizuri mpe kazi na soda. Akitoa misumari na nyundo, mpe soda peke yake.